Kila Mlipuko Niliandika Clear

Nilistaafu miezi mitano iliyopita, na tangu hapo vijana wa chumba cha radio hawajaacha kunipigia simu. Swali lao ni lile lile: kwa nini mama alikuwa mgumu hivyo kutoa neno? Nimechoka kujibu kwa simu, maana mtandao wa Kolwezi unamkata mtu katikati ya sentensi, na jambo hili ukilisikia nusu unaweza kuua watu. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Anayezitaka aende ofisi ya wafanyakazi, akapange foleni kama tulivyopanga sisi.

Jina langu ni Mwad. Kiingereza sikukipata shuleni, nilikipata Chingola, upande wa Zambia, nilikokaa kwa mama mdogo tukiuza samaki wa kukausha sokoni. Kampuni ya wageni ilipofungua karieri mpya, yaani shimo kubwa la kuchimba shaba na kobalti, ilitafuta mtu wa kukaa kwenye radio anayeweza kusema kwa Kiingereza na wazungu, na kwa Kiswahili na walinzi. Niliingia nikidhani nitakuwa mkalimani tu. Hakuna aliyeniambia kwamba kila siku saa saba mchana uhai wa watu utapita kwenye kinywa changu.

Siku ya kwanza nilikuta kibanda cha bati juu ya ukingo wa shimo, dirisha moja, radio mezani, daftari lenye jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Huo uzi ulinifundisha mengi kuhusu wenzangu kabla sijawaona. Dirisha lilionyesha nusu tu ya karieri; nusu nyingine ilifichwa na kilima cha udongo tulioutoa wenyewe. Niliuliza nani anaona upande ule. Wakanijibu kwamba upande ule una walinzi.

Mara akaingia mzee mmoja mwenye buti za matope, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba. Huyo ndiye aliyekuwa tata Yav (tata kwetu ni baba), mlipuaji, aliyefanya kazi hiyo miaka mingi katika kampuni ya serikali kabla ya kuja kwetu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kelele za baruti, kwa hiyo alikugeuzia la kulia na kukutazama kwa pembeni, kama mtu anayejua unamdanganya.

“We njo utakuwa unanipa neno?” akaniuliza.

“Ndiyo, tata.”

“Neno gani?”

“Clear.”

“Na unajua maana yake?”

Nilimweleza vizuri, kwa majivuno ya mtu aliyetoka Chingola: mahali pako wazi, hapana kizuizi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Ile ni maana ya ku kitabu,” akasema. “Mi nauliza nani ameangalia.”

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, kwa wale wanaoijua kwenye karatasi tu. Asubuhi mashimo yanachimbwa kwenye mwamba na kujazwa baruti. Kabla ya saa saba king'ora kinalia, wafanyakazi wanatoka, na walinzi watano wanasimama kwenye posti tano kuzunguka shimo, kila mmoja na bendera nyekundu na radio. Kazi ya mlinzi si kusimama. Kazi yake ni kutembea ukingoni na kuchungulia chini, kwa sababu huku kwetu shimo halikai tupu. Vijana kutoka Kasai, Likasi, Manono na kila pembe ya nchi wanaingia kuchimba kwa mikono, na uzio wanautoboa kama wavu wa zamani. Akimaliza kuangalia, mlinzi anasema namba ya posti yake na clear. Mimi naandika daftarini. Zikitimia posti tano, nampa mlipuaji neno, na yeye anawasha. Baada ya hapo hakuna wa kusema samahani.

Tata Yav hakulipenda neno lenyewe. Siku moja tukila mihogo ya kuchemsha alinieleza sababu, na mpaka leo sijasikia mwalimu aliyeeleza Kiingereza vizuri zaidi, ingawa yeye alijua maneno kama ishirini tu, na nusu yake matusi.

“Mu Swahili, mpaka useme hakuna muntu,” akasema. “Ukisema vile, ule muntu anakuya kwanza mu kichwa yako, njo unamutafuta. Clear haina muntu ndani. Unaweza kuisema umelala.”

Nikaanza kulichunguza neno hilo kama mama anayenusa samaki kabla ya kununua. Nyuma ya daftari niliandika kila mahali nilipolisikia. Daktari wa kampuni alimwambia dereva mmoja kwamba mapafu yake ni clear, na dereva akaendelea kukohoa. Wakala wa forodha alisema lori letu la vipuri liko clear mpakani, likalala pale wiki mbili zaidi. Meneja alisema dhamiri yake iko clear. Sikumbuki nani alikuwa amemuuliza. Walinzi wakiambiwa wa-clear barabara, kina mama wenye mabeseni ya ndizi walijua ni saa ya kukimbia. Na Bwana Greg, msimamizi wa karieri, kila asubuhi alimaliza mkutano kwa kuuliza: clear? Watu wote walijibu clear, wakiwemo wale waliosimama nyuma karibu na jenereta, ambako husikii hata jina lako likiitwa. Mimi ndiye niliyetafsiri mikutano hiyo, najua wangapi walielewa. Lakini mtu akisema hajaelewa anabaki peke yake na Bwana Greg huku wenzake wanakwenda kunywa chai, na heshima hiyo hakuna aliyeitaka.

Kwa hiyo walinzi wetu walizoea. Neno lilikuwa jibu zuri. Ukilitoa haraka na kwa sauti ya kijeshi ulisifiwa, na ukichelewa ulikaripiwa. Sioni kama walikuwa watu wabaya. Walijifunza tulichowafundisha.

Tata Yav alikuwa na dawa yake. Mlinzi akishasema clear, mimi nilipaswa kumuuliza: unaona nini? Naye alipaswa kutaja kitu kimoja alichokuwa anakiona wakati ule ule, tena kisichokuwepo jana. Mashine ya njano iliyoegeshwa vibaya. Mbwa. Mama anapita mbali na kuni. Walinzi walicheka sana mwanzoni. Mmoja aliwahi kunijibu, “Niko naona njaa, mama,” na mimi nikamwambia aitazame vizuri na aniambie imevaa nini. Lakini walitembea ukingoni, kwa sababu mtu hawezi kutaja kitu cha leo bila kwenda kukitazama. Zaidi ya mara moja kitu cha leo kilikuwa mtu, na tukangoja.

Mimi sikuzaliwa na shaka, niliambukizwa na yule mzee. Mwaka wa pili nikawa namuuliza mume wangu maswali ya radio nyumbani. Akisema amefunga mlango, nilimuuliza ameufunga kwa kitu gani. Alivumilia; ni mtu wa Dilolo, mpakani na Angola, wamezoea maswali ya askari.

Kisha tata Yav akapumzishwa. Alimwachia Kapend kazi, kijana wake wa mkono aliyekuwa sasa mtu mzima mwenye watoto wanne. Mzee alipoondoka wakaja wataalamu wa usalama wenye kompyuta na fomu, wakakaa kibandani kwangu siku tatu. Waliona kwamba maswali yangu yanachukua muda, na kwamba kwenye radio maneno yawe machache, sawasawa kwa watu wote. Fomu mpya ilikuwa na visanduku vitano, na ndani ya kila kisanduku neno moja lilikuwa limeshapigwa chapa. Mmeshalijua. Mimi nilitakiwa kuweka alama tu.

Bwana Greg aliniuliza kama ni clear. Nikajibu clear.

Sitaki kujipamba mbele yenu. Nilibisha kidogo siku ile, lakini ndani yangu nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kuitwa mama wa maswali. Walinzi wakanipenda ghafla, mlipuko ukawa unamalizika mapema, na mimi nikawa nakula chakula changu kikiwa bado moto. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na mambo yakaenda vizuri, au yalionekana kwenda vizuri kutoka kwenye dirisha linaloona nusu.

Mvua zikaanza. Siku ninayotaka kuwasimulia, ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikikatika na kurudi. Baruti zilikuwa zimeshajazwa kwenye mashimo, na kutoka upande wa Lubudi radi ilikuwa inakuja. Mnajua maana yake: radi inaweza kuziwasha yenyewe. Bwana Greg alitaka tulipue kabla haijafika. Alikuwa na haki ya kuwa na haraka, hilo nalikubali hata leo.

Nikaita posti. Ya kwanza ikajibu, clear. Ya pili ikajibu, na nyuma ya sauti ya mlinzi nikasikia wimbo wa kwaya, wanawake wanaimba. Nikafikiri ana simu mfukoni. Nikaita ya tatu. Mlinzi akasema clear, na nyuma yake kwaya ile ile ilikuwa inaendelea na ubeti. Nikaita ya nne. Clear, na wale wanawake walikuwa wamefika kwenye kiitikio.

Kalamu ilisimama. Kutoka posti ya pili mpaka ya nne ni mwendo wa kuzunguka nusu ya karieri.

“Posti tatu,” nikasema, “unaona nini?”

Akajibu: “Clear, mama.”

“Sikuuliza kama ni clear. Nauliza unaona nini.”

“Niko naona mvula.”

“Mvula hata mi naiona. Ingine?”

Nikasikia mtu mwingine anacheka, karibu sana na radio yake, na kitu kinalia kwi, kwi, kama mpira unaosuguliwa kwenye kioo. Waipa. Walikuwa ndani ya gari. Watatu wote walikuwa katika gari moja, wamejikinga mvua, wanapokezana radio na kila mmoja anasema namba yake.

Nikasema kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kwamba sitoi neno, maana wimbo mmoja unasikika kwenye posti tatu. Bwana Greg akawaka. Akaniuliza kama nimeona radi. Akaniuliza kama ninajua ni watu wangapi wako karibu na baruti zile, wakiwemo Kapend na vijana wake, na kama nitawajibika wakifa kwa sababu ya wimbo. Angeweza kuwa sahihi. Kisha akamwamuru Kapend awashe bila mimi.

“Mama Mwad,” Kapend akaita, sauti yake imetulia kabisa, “unanipa neno ao hapana?”

“Bado, tata.”

“Basi nangoja.”

Bwana Greg alipanda gari lake mwenyewe kwenda posti ya tatu. Alikwenda ili kunionyesha ujinga wangu, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu hasira yake angalau ilikuwa na miguu. Nilisikia injini yake kwenye radio, kisha mlango, kisha mvua. Alipozungumza tena hakupiga kelele. Alisema kuna watu hapa chini.

Walikuwa tisa, wamejifunika turubai la bluu chini ya ukingo, mahali ambapo mwamba ungeangukia. Wanawake wawili walikuwa miongoni mwao. King'ora walikisikia, lakini kila mchimbaji wa Kolwezi anajua kwamba kampuni hailipui mvua ikinyesha, inangoja ikatike. Ni kweli, kwa kawaida hailipui, isipokuwa baruti zikiwa zimeshajazwa na radi inakuja. Hilo hakuna aliyewahi kuwaambia. Waliona posti haina mlinzi, wakashuka. Walipotolewa walipita mbele ya kibanda changu, na mwanamke mmoja akanitazama kwa chuki kwa sababu mifuko yao ya mawe ilibaki chini. Sikuona vibaya. Afadhali mtu aliye hai akuchukie.

Radi ilipita pembeni. Tulilipua jioni kidogo, jua likiwa bado liko, na kila mlinzi alitaja alichokiona. Kampuni ilinipa cheti chenye fremu. Mume wangu alikitundika sebuleni, na wageni walinipongeza, na kwa wiki nzima nilitembea Kolwezi nikiwa na kichwa kikubwa.

Walinzi watatu walifukuzwa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mmoja wao akaja nyumbani. Alikuwa yule wa posti ya tatu, Ilunga, mtu wa kaskazini, mpole, baba wa mapacha. Nilimkaribisha ndani lakini sikumwamini. Nilifikiri amekuja kuniomba nimtetee au kunilaani. Alikaa chini ya kile cheti, akanywa maji, akasema amekuja kuomba msamaha.

Nikamuuliza swali ambalo Bwana Greg hakuuliza.

“Tata Ilunga, mulianza lini kukaa mu motoka?”

“Tangu mvula ya kwanza, mama. Kila siku inanyesha, tulikuwa tunakala pale.”

“Na mi sikuwasikia?”

“Haukutusikia. Ile siku njo tulisahau kuzima muziki.”

Kisha nikamuuliza kama siku hizo nyingine waliona watu chini.

“Hapana, mama. Hatukuona muntu hata mumoja.”

Moyo wangu ulishuka mahali pake. Nilikuwa tayari kumshukuru Mungu. Lakini Ilunga alikuwa mtu mkweli kwa namna yake, na hakuniachia nafasi hiyo.

“Hatukuangalia,” akasema.

Jumatatu nilifika kazini mapema, nikafungua fomu kuanzia mvua ya kwanza. Milipuko yote ya siku za mvua ilikuwa pale, na mbele ya kila posti alama yangu, safi, imenyooka. Kama ningekuwa bado nauliza unaona nini, wasingeweza kukaa garini hata siku moja. Nilikwenda kwa Bwana Greg. Alinisikiliza, rangi yake ikabadilika kidogo. Akasema mawe ya milipuko ile yalishabebwa na kusagwa, hakuna cha kutazama, na hakuna mtu aliyekuja kuripoti kupotelewa na ndugu, kwa hiyo kampuni iko clear. Nilikwenda kuliandika nyuma ya daftari pamoja na mengine.

Vijana wangu, cheti kile nilikishusha. Nikaanza kwenda mtaa wa wachimbaji siku zangu za mapumziko, nikiuliza kama kuna mtu aliyetoka asubuhi ya mvua asirudi. Watu walinishuku, na walikuwa na sababu: mama mwenye viatu vya kampuni anauliza habari za watu. Wengi walinijibu kwamba vijana wanakuja na kuondoka, leo karieri yetu, kesho Kingamyambo, keshokutwa Angola. Hakuna anayewaandika popote. Mtu anaweza kukosekana Kolwezi na nafasi yake ikajaa kabla ya jioni.

Mama mmoja tu, mama Kabedi, anayepangisha vyumba, aliniingiza ndani. Alinionyesha mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye msumari. Ndani yake kulikuwa na diploma ya shule ya sekondari kutoka Kananga, imekunjwa mara nne, na shati jeupe lililofuliwa. Mwenyewe alikuwa kijana mpole, aliitwa Kazadi. Alitoka na turubai mvua ikinyesha, mwezi ule ule wa mvua za kwanza, hakurudi.

“Alikuwa anachimba wapi?” nikamuuliza.

“Kule na kule, mama. Na kule kwenu pia.” Akanitazama. “Unamujua?”

“Simujui.”

“Labda alienda Dilolo. Bengine banaendaka bila kuaga.”

“Labda,” nikasema.

Alilitoa lile shati, akalikung'uta, akaliangalia kwenye mwanga wa mlango. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kampuni na ninajua mambo, kama anaweza sasa kumpa mtu mwingine alivae. Nilimwambia angoje kidogo. Nimepita kwake juzi, tayari nikiwa mstaafu. Bado anangoja neno langu.